Roboti la Miguu Minne na Jina la Kariakoo

Wanaounda roboti la miguu minne kwa kujifurahisha wanajua: kichwa si ishu, ishu ni miguu. Kila mguu unataka mota za servo mbili au tatu, zile ndogo za gramu 9. Mguu mmoja ukinyanyuka, mitatu inabeba mwili mzima. Uzito ukihamia nje ya hiyo mitatu, chali!

Jeshi la Marekani limelisotea hilo tangu miaka ya 1960, likitaka mashine ya kubeba mizigo pale gari linaponasa. LS3 ya Boston Dynamics ilipigwa chini mwaka 2015, kisa makelele.

Sasa sikia. Kazi hiyo hiyo ndiyo iliyoipa Kariakoo jina. Ni Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Waingereza waliopiga kambi hapo baada ya Dar kutekwa mwaka 1916. Mbung'o waliua farasi na punda, magari yakazama matopeni, mzigo ukaishia kichwani kwa Mwafrika. Walikufa makumi ya maelfu, wengi kwa magonjwa na njaa, si risasi.

Sanamu la Askari pale Posta, la 1927, lina maandishi yanayowataja kama miguu na mikono ya jeshi. Ila aliyesimama juu ni askari na bunduki yake. Mpagazi hayupo.