Jahazi la Ndara na Ukoo wa Mtepe

Katika karne ya kwanza, mfanyabiashara mmoja wa Kiyunani aliandika mwongozo wa safari za Bahari ya Hindi, ujulikanao kama Periplus. Humo aitaja bandari ya pwani yetu iliyoitwa Rhapta, na aeleza kwamba jina hilo lilitokana na vyombo vyake vilivyoshonwa. Basi wageni walitujua kwa kushona kabla ya kutujua kwa jambo jingine.

Ushonaji huo ndio uliokuja kuzaa mtepe. Fundi alitoboa mbao kwa kekee na kuzifunga kwa kamba za makumbi, wala hakugonga hata msumari mmoja. Tanga lilikuwa mkeka wa pembe nne. Omo iliumbwa mfano wa kichwa cha ngamia, ikachorwa macho. Mitepe ya Pate, Faza na Siyu ilibeba boriti za mikoko hadi ilipofifia katika karne ya ishirini, ikayaachia bahari majahazi ya misumari. Mwaka 2003 mafundi waliunda mfano wa mtepe, ukawekwa Beit al-Ajaib hapa Unguja. Sehemu ya jumba hilo iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020.

Tarehe 15 Septemba 2018, Lamu ilishua chombo kisichokuwa na mbao za mti. Kiliitwa Flipflopi. Wazo lilianza mwaka 2016 kwa Ben Morison na wenzake. Mkono ulioliunda ulikuwa wa Ali Skanda, fundi mkuu wa Lamu, pamoja na wasaidizi wake. Walitumia takriban tani 10 za plastiki, na ubavu wake wakauvika ndara zipatazo 30,000.

Picha zilizoenea duniani zilisifu rangi zile: buluu, manjano, waridi, nyekundu. Kwangu mimi rangi ni vazi tu. Ajabu yenyewe imo ndani, kwenye mataruma. Fundi wa jahazi huchagua taruma mtini. Hutafuta tawi ambalo upepo na miaka vimekwisha kulipinda, na kazi ya tezo ni kumalizia tu alichoanza mti. Plastiki haina tawi wala mishipa. Huyeyushwa, ikamiminwa katika kalibu, na hutoka na umbo lile tu iliyopewa. Isitoshe, hutanuka juani kupita mbao. Kwa hiyo fundi alilazimika kuyajua mapema yale ambayo msitu ungemjibia, na kuyajua bila karatasi, maana mizani ya chombo ameibeba machoni na kiganjani.

Je, ni sanaa hii, au ni useremala wa taka? Swali hili si letu. Neno sanaa tulilipokea kutoka Kiarabu likiwa bado na harufu ya ufundi wa mikono. Kumtenga msanii na fundi ni desturi ya makumbusho ya Ulaya. El Anatsui, Mghana aliyefundisha miaka mingi Nsukka, Nigeria, huunga vifuniko vya chupa kwa waya wa shaba hadi vikawa mapazia makubwa ya kumeremeta, na Venice ilimtunuku Simba wa Dhahabu mwaka 2015 kwa kazi ya maisha yake yote. Naye pia ni mshonaji, na kazi zake nazipenda. Lakini pazia halitakiwi kuelea.

Wako wanaodai kwamba chombo cha plastiki kinautania urithi. Nawaelewa, ila wangeuliza kwanza mbao zitatoka wapi. Mwezi Februari mwaka huohuo wa 2018, serikali ya Kenya ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma, na wakata mikoko wa Lamu wakakaa bila kazi. Fundi asiye na mti hana cha kumrithisha mwanagenzi wake, hata awe na tezo ya babu.

Januari 2019 Flipflopi iling'oa nanga Lamu kwa upepo wa kaskazi, ikapita vijiji vya pwani kwa muda wa wiki mbili hivi, na Februari ikatia nanga Mji Mkongwe baada ya kilomita 500 hivi. Mwaka 2021 ilifika Ziwa Victoria, ikatweka tanga katika maji ya Kenya, Uganda na Tanzania, kusikojulikana kusi wala kaskazi.