Kafara ya Mke: Historia ya Filamu za Uchawi na Msiba Nchini Nigeria

Filamu za uchawi zilianza kushika soko la Afrika Magharibi mwishoni mwa miaka ya 1980, mkanda wa VHS ulipoingia majumbani. Nchini Ghana, William Akuffo alirekodi Zinabu, kisa cha mwanamke mchawi, kwa kamera ya video katika miaka hiyo ya 1980. Nigeria ilikuwa katika hali ngumu. Mpango wa kurekebisha uchumi ulioanza 1986 uliporomosha naira, na gharama ya kutengeneza filamu za sinema ikawashinda wengi. Majumba ya sinema yalipungukiwa na watazamaji, kwa kuwa watu waliogopa kutembea usiku. Burudani ikahamia sebuleni, kwenye deki na televisheni.

Mfanyabiashara wa Lagos, Kenneth Nnebue, alikuwa tayari amegharamia michezo ya Kiyoruba kwenye video. Mwaka 1992 alitoa Living in Bondage kwa Kiigbo. Chris Obi Rapu aliiongoza, na Okechukwu Ogunjiofor, aliyeleta wazo la kisa, akaigiza kama Paulo. Haikusubiri majumba ya sinema. Iliuzwa moja kwa moja sokoni ikiwa kwenye mikanda.

Kisa chenyewe ni cha ndoa. Andy Okeke, aliyeigizwa na Kenneth Okonkwo, anahangaika mjini huku wenzake wakitajirika. Paulo anamwingiza katika chama cha siri kinachogawa utajiri kwa sharti moja: mwanachama amtoe kafara mtu ampendaye kuliko wote. Andy anajaribu kudanganya kwa kumpeleka kahaba, lakini hila yake inagunduliwa. Mwishowe anamtoa Merit, mkewe aliyemvumilia katika dhiki. Damu ya Merit inanywewa na wanachama, naye anafariki. Fedha zinamiminika, lakini siku Andy anapooa mke mwingine, Merit anamtokea. Katika sehemu ya pili, iliyotoka 1993, mume huyo anapata kichaa na kuokota chakula jalalani, hadi anapopelekwa kanisani na kuungama.

Sharti lile ndilo lililoipa filamu uzito. Kama kafara ingekuwa mtu baki, kisa kingebaki cha mauaji na polisi. Kwa kuwa ni mke, kila gari na kila karamu vinamkumbusha mtazamaji marehemu. Muuaji ndiye mfiwa anayepokea rambirambi, na hana wa kumshirikisha uchungu wake kwa sababu yeye ndiye chanzo chake.

Hofu ya watu kutolewa kafara haikutungwa na watengeneza filamu. Uvumi wa utajiri wa kafara ulikuwa umeenea katika miaka ile ya ufukara na matajiri wa ghafla. Septemba 1996, mauaji ya mtoto mchuuzi wa karanga mjini Owerri yalizusha ghasia, na umati ukachoma nyumba za watu walioshukiwa kutajirika kwa njia hiyo. Wakati huo watayarishaji wengi walikuwa wamekwisha kumfuata Nnebue, na serikali ilikuwa imeunda bodi ya kukagua filamu na video kwa amri ya 1993.

Miaka ya 2000 mikanda na diski za Nigeria zilizagaa Tanzania. Katika vibanda vya video, watafsiri kama Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, walizoea kusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili. Hadithi ya utajiri wa kafara haikuhitaji maelezo mengi kwa watu waliokwisha kusikia habari za ndagu na misukule. Mussa Banzi alitengeneza filamu za kutisha za hapahapa, zikiwemo Nsyuka na Shumileta.

Mwaka 2019 Ramsey Nouah aliongoza mwendelezo, Living in Bondage: Breaking Free. Andy anarudi akiwa mhubiri, na anayevutwa na chama cha siri safari hii ni mwanawe, Nnamdi. Deni la baba limemfikia mtoto, na sharti la chama ni lile lile.