Muhogo, Akiba Iliyo Ardhini

Katika kuadhimisha miaka kumi ya Chama chetu, hapana shaka wengi watataka kusoma habari za korosho, kwa kuwa ndizo zilizotukutanisha. Lakini historia ya Lupaso, na ya Masasi na Newala kwa jumla, haikamiliki pasipo kulitaja zao lisilopita mizanini mwetu: muhogo.

Wazee wetu wa kale waliishi kwa mtama. Muhogo asili yake ni Amerika ya Kusini, ukaletwa Afrika na Wareno. Nao kwa kuvumilia mchanga na jua, ukapata uenyeji. Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, vilitufunza udhaifu wa ghala: majeshi ya Wajerumani yalichoma nafaka na mashamba, na njaa iliyofuata kusini iliua watu wengi kuliko risasi. Ghala huungua, muhogo hukaa ardhini mwaka, hata miwili, ukimngojea mwenyewe. Ndiyo sababu utawala wa Waingereza nao ulihimiza, tena kwa amri, mashamba ya muhogo wa akiba.

Kisha ikaja enzi ya korosho. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilikusanya tani zipatazo 145,000. Msimu wa 1986/87 hazikufika 20,000. Bei ilikuwa duni, watu walihamishiwa vijijini mbali na mikorosho yao, na ubwiriunga ukashambulia maua. Fedha ilikatika, bali jiko halikuzimika: makopa yalitwangwa, ugali ukasongwa, kisamvu kikawa kitoweo. Waliokosa hata hayo waliingia msituni kuchimba ming'oko.

Twakiri kwamba kwa miaka kumi tumehesabu magunia ya korosho, wala hatukuuliza nani ana shamba la muhogo. Leo mikorosho hupandwa hata mlangoni, na matawi yakishafungana, chini yake chakula hakistawi. Korosho hulipa baada ya mnada. Tumbo halingojei mnada.

Basi, ndugu wanachama, kila mmoja na atenge sehemu ya muhogo na mtama. Mbegu tuzichague safi, kwa ushauri wa kituo cha utafiti cha Naliendele, maana batobato na michirizi ya kahawia ni maadui wa zao hili. Nasi viongozi tuulize habari za chakula katika kila mkutano, kama tuulizavyo habari za bei. Ushirika wa wenye njaa haudumu.