Mabondo ya Sangara: Kutoka Mwalo wa Kirumba hadi Bakuli la Supu la Hong Kong

Mwanza ni mji unaokula utumbo bila kuona haya. Asubuhi, kabla ofisi hazijafunguliwa, masufuria ya supu yanachemka kwenye vibanda vya stendi na sokoni, taulo na kitabu cha ng'ombe vikielea humo, na pembeni pana limao, pilipili na chapati. Ng'ambo ya ziwa, upande wa Bukoba, utumbo huingia chungu kimoja na ndizi ukaiva taratibu mpaka mchuzi uwe mzito. Kwa hiyo mtu wa Kanda ya Ziwa akikaribishwa kwenye mgahawa wa Kichina unaouza jiaozi, yale maandazi madogo ya kuchemsha yaliyojazwa nyama, kisha akaletewa sahani ya utumbo wa baridi uliokatwa nyuzinyuzi na kumwagiwa mafuta ya pilipili, kitakachomshangaza ni mapishi tu. Chakula chenyewe anakijua tangu utoto.

Wachina nao walikifikia chakula hicho kwa njia ambayo watu wa Mwanza wanaifahamu. Katika bandari ya Chongqing, mahali mito Yangtze na Jialing inapokutana, wachukuzi na mabaharia wa mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 walinunua matumbo ya ng'ombe kwa sababu wenye fedha hawakuyataka, wakayachovya kwenye mchuzi wa pilipili uliokuwa ukichemka mbele yao. Huko Chengdu, katika miaka ya 1930, mume na mke mmoja walikuwa wakitembeza mitaani vipande vyembamba vya nyama na matumbo, na chakula chao leo kinauzwa hata kwenye hoteli kubwa. Makuli wa bandari na nyama ya bei ya chini: habari hiyo ingeweza kuandikwa kwenye mwalo wa Kirumba, Mwanza.

Lakini kuna kitu kimoja cha ndani ambacho Mwanza inakitoa na karibu haikili kabisa, wakati kusini mwa China kinawekwa kwenye meza ya harusi. Ni bondo la sangara. Historia ya samaki wa Ziwa Victoria husimuliwa mara nyingi kama safari ya minofu kwenda Ulaya. Safari ya mabondo kwenda Mashariki inastahili kusimuliwa kwa uzito uleule, kwa kuwa ndiyo iliyofanya samaki mkubwa awe na thamani kubwa kuliko nyama yake.

Bondo ni mfuko wa hewa unaomsaidia samaki kubaki kwenye kina anachotaka bila kuzama wala kuelea. Liko chini ya uti wa mgongo, juu ya matumbo. Mpasuaji stadi hufungua tumbo la samaki kwa mkato mmoja, anaingiza vidole kati ya mfupa na mfuko, anauvuta polepole usije ukachanika, maana bondo lililotoboka limeshapoteza sehemu ya bei. Likitoka ni jeupe, linateleza, lina nyuzi za damu na utando. Huchanwa, hukwanguliwa kwa kisu butu, huoshwa mpaka maji yawe safi, kisha hutandazwa juani kwenye chanja ya wavu. Baada ya siku kadhaa limekuwa gumu kama ngozi kavu, rangi yake ni ya majani makavu, na mtu akiliinua kuelekea jua anaona mwanga ukipenya. Hapo hupangwa kwa uzito na unene. Moja kubwa lina bei zaidi ya madogo mengi yenye uzito uleule, na kanuni hiyo ya soko imeleta mambo mengi ziwani.

Sangara mwenyewe ni mgeni. Asili yake ni mto Nile na maziwa kama Albert na Turkana. Aliingizwa Ziwa Victoria upande wa Uganda katikati ya miaka ya 1950, kisha akapandikizwa kwa idhini ya serikali mwaka 1962 na 1963, Entebbe na Kisumu. Maofisa wa uvuvi walitaka samaki mkubwa atakayewala furu, samaki wadogo wenye miba waliojaa ziwani na wasio na soko kubwa. Wapo wataalamu waliopinga. Geoffrey Fryer aliandika mwaka 1960 kuonya kwamba mla nyama wa aina hiyo akishaingizwa hatatolewa tena. Hakusikilizwa.

Kwa takriban miaka ishirini ilionekana kama hakuna kilichotokea. Watafiti wa Kiholanzi kutoka Leiden waliofika Mwanza mwaka 1977 walikuta Ghuba ya Mwanza imejaa furu wa aina ambazo sayansi ilikuwa haijazipa hata majina. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mambo yakageuka. Sangara walizaliana kwa kasi, na furu wakapungua mbele ya macho ya watu waliokuwa bado wanawahesabu. Ziwa lilikuwa na aina zaidi ya 500 za furu. Inakadiriwa kuwa aina zipatazo 200 zilitoweka au zikabaki chache mno kuonekana. Samaki aliyesababisha hayo anaweza kuzidi urefu wa mita moja na nusu na uzito wa kilo 100.

Wavuvi hawakumpenda mwanzoni. Alichana nyavu zilizotegwa kwa ajili ya sato. Alikuwa na mafuta mengi mno kuanikwa juani kama furu na dagaa, hivyo ilibidi akaushwe kwa moshi au akaangwe, na kuni zikaanza kwisha visiwani. Wengi waliona nyama yake haina ladha. Bei ndiyo iliyowabadilisha, nayo ilikuja na viwanda.

Viwanda vya minofu vilianza kusimama Mwanza na Musoma mwanzoni mwa miaka ya 1990, na minofu ikaanza kupakiwa kwenye ndege na meli kuelekea Ulaya. Umoja wa Ulaya ulifunga milango yake kwa nyakati tofauti kati ya 1997 na 1999, kwanza kwa hofu ya bakteria na kipindupindu, halafu kwa tuhuma za samaki waliovuliwa kwa sumu. Kila zuio lilipotangazwa, kilio kilisikika mpaka mialo ya mbali ya Ukerewe na Sengerema. Nyuma ya viwanda palikuwa na soko jingine: mapanki, yaani kichwa na mifupa iliyobaki baada ya minofu kuondolewa, ambayo ilikaangwa na kuliwa mtaani. Filamu Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, iliyotoka mwaka 2004, iliyaonyesha mapanki hayo duniani kote, na mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliilaumu hadharani kwa kuichafua nchi. Mabishano yalikuwa makali. Minofu, mapanki na ndege za mizigo vilijadiliwa kwa kina. Mabondo yakapita kimyakimya.

Yalikuwa na wanunuzi wake. Mmoja alikuwa mtengenezaji bia. Tangu karne ya 18 Waingereza walitumia gundi itokanayo na mabondo kusafisha bia, kwa sababu inakusanya chembe za hamira na kuzishusha chini ya pipa. Kwanza walitumia samaki wa Urusi, baadaye wa bahari nyingine, na sangara naye akaingia kwenye orodha hiyo. Mnunuzi wa pili ndiye aliyepandisha bei.

Katika upishi wa Guangdong na Hong Kong, bondo kavu linahesabiwa pamoja na abaloni, jongoo bahari na pezi la papa kuwa vyakula vinne vya heshima. Hulowekwa usiku kucha, huchemshwa kidogo na tangawizi na majani ya kitunguu kuondoa shombo, kisha hupikwa kwa saa nyingi kwenye supu ya kuku. Lenyewe halina ladha ya kutajika. Kazi yake ni kunyonya mchuzi na kuwa laini na lenye kunata mdomoni, na mtu aliyezoea kutafuna kitabu cha ng'ombe ataelewa haraka kwamba mlo huu unapendwa kwa namna unavyohisiwa kinywani. Wanawake waliojifungua hupewa, na wengi huamini kwamba hulainisha ngozi.

Mapenzi hayo yamegharimu bahari kadhaa. Samaki wa pwani ya China anayeitwa bahaba, ambaye bondo lake lilipewa bei kubwa kuliko yote, alivuliwa hadi karibu kwisha. Wanunuzi wakageukia totoaba wa Ghuba ya California huko Mexico, na nyavu zilizotegwa kumkamata totoaba zikawaua pia vaquita, nyangumi wadogo ambao leo wamebaki wachache sana duniani. Bondo la sangara halikufikia bei ya hao, ila lilikuwa kubwa, nene, na lilipatikana kwa wingi. Hivyo mwalo wa Kirumba ukaunganishwa na maduka ya vyakula vikavu ya Hong Kong kupitia mawakala, wanunuzi Wachina waliofika mialoni, na magunia yaliyovuka mipaka kwa njia za halali na za panya.

Hapo ndipo swali la umiliki lilipoanza kuuma. Sangara anapouzwa mzima kiwandani kwa kilo, bondo huenda ndani yake, na mvuvi hulipwa bei ya samaki. Mvuvi aliyejua thamani alianza kumpasua ziwani au mwaloni na kuuza bondo kwa mkono mwingine. Kiwanda kikalalamika kwamba samaki aliyefunguliwa juani ubora wake unashuka. Pande zote mbili zina hoja. Hata hivyo ni vigumu kuona haki katika utaratibu ambao mtu anayelala ziwani usiku kucha kwenye mtumbwi ndiye wa mwisho kujua bei ya alichokivua.

Jambo zito zaidi ni lile la ukubwa. Kanuni za uvuvi ziliruhusu sangara wa sentimita 50 hadi 85, ili wadogo wakue na wale wakubwa, ambao wengi ni majike yenye mayai mengi, waachwe wazae. Soko la mabondo linataka kinyume chake: samaki mkubwa kabisa. Nyavu haramu kama makokoro na timba ziliwamaliza wadogo, na bei ya bondo ikawafuata wazazi wao. Mwaka 2017 Uganda ilipeleka jeshi ziwani. Mwaka 2018 Tanzania ikafuata kwa Operesheni Sangara chini ya Luhaga Mpina, waziri wa uvuvi wa wakati huo. Nyavu haramu zikachomwa moto, magari na viwanda vikakaguliwa, na shehena za mabondo zikakamatwa. Wapo waliosema samaki wakubwa walianza kurudi. Wapo waliopoteza mtaji wote kwa siku moja na hawajasimama tena, na malalamiko yao yalifika bungeni.

Leo dagaa ndiye anayeongoza kwa uzito wa mavuno ya ziwa zima, na viwanda kadhaa vya minofu vimefungwa au vinafanya kazi chini ya uwezo wake kwa kukosa sangara. Wachina nao wamekuja Mwanza kwa kazi nyingine: kampuni zao zinajenga reli ya kisasa ya Mwanza hadi Isaka, ambayo jiwe lake la msingi liliwekwa Misungwi mwaka 2021, na zimejenga daraja la Kigongo hadi Busisi lililofunguliwa mwaka 2025. Biashara ya mabondo inaendelea. Katika mialo ambako mvuvi hupimiwa bondo peke yake, mbele yake na kwa bei iliyotajwa, ana la kujadiliana na mnunuzi. Kupima hivyo hakuhitaji kiwanda kipya wala mkopo wa nje. Kunahitaji mizani, na amri kwamba bei ya siku iandikwe ubaoni kila mwalo, kuanzia Kayenze hadi visiwa vya Ukerewe.