Koboko, mji wa wakimbizi wa jana

Ukitoka Arua kwa lami ya kwenda Oraba, Koboko unafika kwa saa moja hivi. Ukipita haraka utasema ni senta tu kama zingine: boda, maduka ya simu, malori ya Juba, msikiti, kanisa, chapati. Lakini simama pale sokoni usikilize. Kikakwa, Kilugbara, Kinubi, Kiarabu cha Juba, Lingala, Kiswahili, na mama mmoja anaweza kuzipita zote kabla hajakurudishia chenji. Congo iko karibu upande huu, Sudan Kusini upande ule. Watu husema lugha nyingi zimeletwa na mpaka. Ila mpaka wenyewe ni mtoto kwa hizo lugha.

Jinsi ulivyokuja inachekesha kidogo. Mwaka 1894 Waingereza walimkodisha Mfalme Leopold wa Ubelgiji nchi hii ya magharibi ya Nile, ikaitwa Lado, na mkataba ukasema ataishika mpaka atakapokufa. Fikiria, nchi nzima imefungwa kwenye pumzi ya mzee mmoja ambaye hakuwahi hata kukanyaga Congo yake! Akafa Desemba 1909. Mwaka 1910 Lado ikaenda kwa Sudan, na 1914 kipande cha kusini, yaani Arua, Koboko na jirani zao, kikapewa Uganda. Kwa hiyo mtu aliweza kukaa kwenye boma lake lile lile na kuwa chini ya serikali tatu ndani ya miaka mitano. Wakakwa wakajikuta wengine Yei na Morobo, wengine upande wa Aru kule Congo, wengine hapa. Mahari na misiba iliendelea kuvuka.

Halafu kuna Idi Amin. Baba yake alikuwa Mkakwa wa Koboko, na jina hilo limeusumbua mji huu kuliko lilivyousaidia. Alipoanguka Aprili 1979, watu wa West Nile wote walihesabiwa kuwa watu wake, hata mkulima wa mihogo ambaye hajawahi kuona Kampala. Wanajeshi wa Tanzania walipofika huku hawakuwatesa raia, hiyo wazee wengi wanaikumbuka kwa shukrani. Balaa lilikuja walipoondoka. Oktoba 1980 waliokuwa askari wa Amin walivuka kutoka Sudan wakapiga Koboko na Arua, na jeshi jipya la Uganda likarudi kulipiza kisasi kwa raia. Nyumba zilichomwa, maduka yakaporwa. Tarehe 24 Juni 1981 pale misheni ya Ombaci, karibu na Arua, watu waliokimbilia kwa mapadri waliuawa ndani ya uwanja wa misheni.

Koboko ikabaki karibu tupu. Walienda wapi? Kule kule tulikotoka sisi. Yei, Kajo-Keji, Aru, Ingbokolo. Wakaa huko miaka mitano, wengine sita, mpaka vita vya Sudan vilipowafikia na serikali ya hapa ikabadilika 1986, ndipo wakarudi kufyeka nyasi zilizoota ndani ya nyumba zao.

Hapa niseme jambo kwa ndugu zetu wa mashirika. Kuna kitabu maarufu cha mama mmoja mzaliwa wa Marekani, Barbara Harrell-Bond, kilichotoka 1986, kinachoeleza jinsi misaada inavyoweza kumgeuza mkimbizi kuwa mtu wa kupangiwa kila kitu. Wengi wenu mmekisoma chuoni. Wakimbizi wa kitabu hicho ni Waganda walioishi wilaya ya Yei, yaani ndio hawa hawa wazee wa Koboko na Arua mnaowaita "jamii ya wenyeji" kwenye ripoti. Na wengi wao hawakukaa kambini. Walikaa kwa watu, wakalima shamba la mwenyeji, wakapewa kona ya kiwanja na jina la shangazi.

Hiyo tabia walirudi nayo, naona. Mapigano ya Julai 2016 yalipovuka kutoka Juba hadi Yei, watu walimiminika kupitia Kaya na Oraba. Wengi walipelekwa setelmenti, lakini wengine walishuka Koboko mjini wakaingia kwenye nyumba za watu, mpaka leo. Mjini hakuna mgao, mgao uko setelmenti, na bado wamekaa. Wacongo nao wako Lobule tangu 2013, kwenye ardhi ya watu wa Koboko.

Sisemi hapa ni peponi. Kwenye borehole bado utasikia "rudini kwenu", na kuni zikiisha hasira inapanda pande zote mbili. Mara nyingi anayesema hivyo ni kijana wa rika letu, aliyezaliwa baada ya 1986, ambaye Yei anaijua kwa kusikia tu. Kumjibu "baba yako naye alikimbia" ni kuanzisha ugomvi, nimeona ikitokea. Bora umtafute baba mwenyewe. Mtu wa miaka sitini na kuendelea, umsalimie vizuri, umuulize: mzee, mwaka 81 mlikuwa wapi? Atakuambia mto waliovuka usiku, na nani aliwapa mbegu. Na kijana wake akiwa amekaa karibu, naye atasikia.