Egeskov na Wenyewe: Kumbukumbu Fupi Tangu 1554

Mashamba ya makabaila wa Denmark ni mengi, na mengi yana kasri nzuri. Egeskov, katika kisiwa cha Fyn, ina bahati zaidi ya uzuri: ilipata wenyewe walioitunza.

Wa kwanza kushukuriwa ni Bibi Anne Tinhuus, kwa kuwa shamba lilikuja kwa upande wake. Aliolewa na Frands Brockenhuus mwaka 1545. Nchi ilikuwa imetoka katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1534 hadi 1536, wakulima walipowaasi makabaila na kuchoma majumba yao. Frands hakusahau. Alipojenga, aliingia majini kabisa: akashindilia nguzo za mwaloni katika ziwa dogo, akasimamisha nyumba juu yake. Watu wa Fyn husimulia mpaka leo kwamba msitu mzima uliishia chini ya maji yale.

Ukiitazama unaona kasri moja, kumbe ni nyumba mbili ndefu zilizobanana. Kati yake upo ukuta wa unene unaozidi mita moja, na ndani ya ukuta huo zimefichwa ngazi na kisima. Adui akiteka upande mmoja, wenye nyumba wangehamia wa pili na kuendelea kupigana huku wana maji ya kunywa. Kazi ilikamilika mwaka 1554. Mimi sijui jengo jingine Denmark linaloeleza hofu ya zama zake kwa ustadi kama huu. Frands alipanda hadi kuwa marshali wa ufalme, na mwaka 1569, katika vita na Sweden, alijeruhiwa kwa risasi ya mzinga wakati wa kuizingira ngome ya Varberg, akafariki.

Mwanawe Laurids alirithi mali na ukali. Binti yake Rigborg, aliyekuwa akimhudumia malkia, alizaa mtoto mwaka 1599 na Frederik Rosenkrantz bila ya ndoa. Baba alimfungia chumbani, na humo alikaa mpaka Laurids alipofariki mwaka 1604. Yalikuwa mambo mazito ya familia, na zama zile heshima ya ukoo ilipimwa kwa mizani nyingine. Inatosha kusema kwamba mama yake, Karen Skram, ndiye aliyemfungulia mlango, na Rigborg aliishi miaka mingi baadaye. Huyo Frederik ndiye Rosenkrantz aliyefika Uingereza mwaka 1592 pamoja na Knud Gyldenstierne, na wapo wanaoamini kwamba majina yao ndiyo yaliyoingia katika tamthilia ya Hamlet ya Shakespeare.

Baada ya kupita mikononi mwa watu kadhaa, shamba lilinunuliwa na Otto Krag mwaka 1656. Akina Krag tunawashukuru kwa bustani: ua wa miti uliopandwa katika miaka ya 1730 ungali unakatwa na kutunzwa. Mwaka 1784 akaja Henrik Bille-Brahe, na ukoo wake ukakaa karibu karne nzima. Mwaka 1882 shamba likaingia kwa ndoa katika familia ya Ahlefeldt-Laurvig-Bille. Mwaka uliofuata msanifu Helgo Zettervall kutoka Sweden aliinua minara na kujenga lango, kisha shamba likapata kiwanda cha maziwa, mtambo wa umeme na reli yake hadi Kværndrup.

Haifai kumsahau mtu wa mbao. Ni sanamu iliyolazwa juu ya mto wa kulalia darini, chini ya paa la mnara. Husemwa kwamba akiondolewa, kasri itazama usiku wa Krismasi. Wenye nyumba wote wamemwacha alale.

Ya karibuni ni haya. Gregers Ahlefeldt-Laurvig-Bille, mwindaji aliyefika hadi Afrika na ambaye pembe za wanyama wake zingali ukutani, alifungua bustani kwa umma mwaka 1959. Makumbusho ya magari ya kale yalifuata mwaka 1967. Ipo pia nakala ya kasri huko Noboribetsu, Japani, yenye samaki wa maonyesho ndani yake. Katika bustani ya Egeskov yapo mafumbo ya njia za mianzi yaliyobuniwa na mshairi Piet Hein. Kasri ndogo ya Titania, nyumba ya wanasesere iliyo kazi ya Nevile Wilkinson, yenye vitu vidogo zaidi ya 3,000, ilihamia hapa mwaka 2007. Tangu miaka ya 1990 msimamizi ni Michael Ahlefeldt-Laurvig-Bille, na shamba bado linalimwa.