Darasa la Awali Liwafuate Watoto: Hoja Kutoka Karatu na Ngorongoro

Watetezi wa elimu ya awali hupenda kutaja faida ya asilimia 7 hadi 10 kwa mwaka. Hesabu hiyo ni ya James Heckman, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2000, na wenzake. Chimbuko lake ni utafiti wa watoto 123 wa Ypsilanti, Michigan, ulioanza miaka ya 1960. Sina ugomvi na hesabu yenyewe. Ugomvi wangu ni na wanaoinukuu bila masharti yake. Mwalimu wa Ypsilanti alikuwa na watoto wachache, na kila wiki alikwenda nyumbani kuzungumza na mama. Anayeitaka faida ile Endulen, wilayani Ngorongoro, au Mang'ola, wilayani Karatu, aulize kwanza ni kitu gani kililipiwa.

Kwa sera, Tanzania haikuchelewa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ililifanya darasa la awali kuwa la lazima, na mwaka 2016 ada ilipofutwa, uandikishaji uliruka kutoka takribani milioni 1.1 hadi zaidi ya milioni 1.5. Walimu hawakuongezeka kwa kasi hiyo. Kiwango rasmi ni watoto 25 kwa mwalimu mmoja, lakini takwimu za miaka ile zilionyesha mwalimu aliyesomea kazi hiyo akibeba zaidi ya 100. Darasa la namna hiyo hujaza daftari la mahudhurio, basi.

Huko Ngorongoro tatizo huanza kabla ya mlango wa darasa. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1959 ili watu, mifugo na wanyamapori waishi pamoja, na maboma yametawanyika kufuata malisho. Mzazi gani atamwachia mtoto wa miaka mitano avuke peke yake mbuga yenye nyati na tembo? Husubiri akomae, na mwaka wa awali ukawa umempita. Akifika shuleni hukuta Kiswahili, ilhali nyumbani amekua na Kimaasai. Mwalimu asiyejua Kimaasai humwona mzito wa kuelewa, na sifa hiyo humfuata hadi darasa la tatu. Tangu mwaka 2022, familia za hifadhini zilipoanza kuhamishiwa Msomera, Handeni, mashaka juu ya kesho yameifanya hoja ya kusubiri majengo makubwa kuwa dhaifu zaidi.

Wasamburu wa Kenya, ndugu wa Wamaasai kwa lugha na ufugaji, walionyesha njia nyingine miaka ya 1990 kupitia mpango wa Loipi. Watoto walikusanyika karibu na makazi, bibi na mama wakawalea kwa michezo, hadithi na nyimbo za kwao, na huduma za afya na lishe zikawafuata hapohapo.

Karatu ina sura yake. Katika mashamba ya vitunguu ya Mang'ola, mama huenda kibarua alfajiri, na mdogo huachwa kwa dada ambaye naye alipaswa kuwa darasani. Kituo cha kulelea watoto mchana, chenye uji na mlezi anayejua Kiiraqw au Kidatoga, kingewasaidia watoto wawili kwa gharama ya mmoja. Faida hiyo haimo katika hesabu za Michigan.

Wapo watakaosema kuwa walezi wasio na cheti watashusha ubora. Kingston, Jamaica, wahudumu wa afya ya jamii, si walimu, waliwatembelea watoto wadumavu kila wiki kwa miaka miwili, wakimfundisha mama kucheza na kuongea na mwanawe. Miaka 20 baadaye, vijana hao walipata kipato cha asilimia 25 zaidi ya wenzao wasiotembelewa. Kilichokuwa muhimu ni mafunzo, usimamizi na ziara zisizokatika, na hivyo vyote vinahitaji posho ya uhakika. Kujitolea bila malipo hakudumu.

Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, tayari inaunganisha afya, lishe, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali na ulinzi. Madiwani wa Karatu na Ngorongoro hawahitaji waraka mwingine. Watenge kwanza fungu la posho za walezi wa vijijini na mafuta ya pikipiki ya msimamizi wao, kisha ndipo wazungumzie matofali.